Kukesha si kuweka jembe chini

Kila ifikapo Oktoba, shule za Kitui na Makueni huwa katika matayarisho. Watahiniwa wanajiandaa kwa mtihani wa taifa, na nyumbani wazazi wao wanaingojea mvua ya vuli. Matayarisho ya roho, kwa bahati mbaya, huachiwa mhubiri wa siku ya maombi, ambaye huwatisha vijana kwa habari za mwisho wa dunia, kisha akaenda zake.

Wapo watakaoniambia kwamba hofu humrudisha mtu kwa Mungu. Huenda ikamrudisha kwa jioni moja. Lakini hofu isiyo na mafundisho ni hatari, na tuliyaona matokeo yake mwaka 2023 huko Shakahola, kaunti ya Kilifi. Waumini, watoto wakiwamo, walifunga chakula hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mhubiri Paul Mackenzie, ambaye alikana mashtaka, alikuwa amejulikana kwa miaka kadhaa kwa mahubiri ya kupinga shule. Walimu wenzangu, hilo litushtue: kana kwamba kumngoja Bwana na kujua kusoma ni mambo yasiyopatana!

Biblia yenyewe haifundishi hivyo. Katika Mathayo sura ya 25, wanawali wote kumi walisinzia, wenye busara na wapumbavu pia. Kilichowatenga ni mafuta, na mafuta hayo yalikuwa yametafutwa mapema. Naye Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Wathesalonike, aliwakemea waliokuwa wakikaa bila kazi.

Mkulima wa Ukambani analielewa jambo hili kuliko wahubiri wengi. Hajui siku wala saa ya mvua, wala hasubiri wingu. Jua lingali kali, kikundi cha mwethya huchimba matuta ya fanya juu, udongo ukitupwa upande wa juu wa mtaro, na wengi hupanda mbegu katika udongo mkavu. Mvua ya huku huja kwa kishindo na kukatika upesi. Asiyechimba huyatazama maji yakipita na kubeba rutuba ya shamba lake. Hawezi kukimbia kwa jirani usiku ule akaazime tuta.

Tunao pia mfano wa kale hapa hapa Makueni. Peter Cameron Scott alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895. Desemba 1896 alifariki dunia kwa homa, hata miaka miwili haijatimia. Mauti yalimkuta kazini.

Kwa mwanafunzi, basi, kujiweka tayari ni kumrudishia mwenzake kitabu, kupatana na yule waliyegombana bwenini, na kuukataa mtihani ulioibwa hata kama darasa zima limeuona. Sala ni lazima, lakini isiwe ya msimu wa mitihani tu.

Ningependa walimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo waisome na wanafunzi sura ile ya 25 yote, wasiishie kwenye mstari wa 13 penye wanawali. Mbele yake mna habari ya talanta, kisha ya wenye njaa, wagonjwa na wafungwa. Wakifika hapo, wawaulize vijana ni nani kijijini mwao ambaye hakula jana.