Safari ya Nairobi Isilipwe na Karo ya Januari

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Januari, tunaulizwa swali lilelile na wateja wetu wa pande hizi za Nyamasaria: "Naweza kuongezewa mkopo kidogo?" Ukiuliza ule wa kwanza ulifanya kazi gani, unaambiwa, "Tulipeleka watoto Nairobi Krismasi." Picha ziko kwenye simu na zinapendeza kweli. Lakini mtoto aliye kwenye hizo picha amebaki nyumbani wenzake wakifungua shule, kwa sababu karo haijatimia.

Hatusemi watu wasisafiri. Tunasema hivi, na tunajua inashangaza kidogo ikitoka kwa watu ambao pia wanatoa mikopo ya simu: safari ya familia ni ya kuwekea akiba, si ya kukopea. Mkopo wa simu una kazi yake. Mtoto ameugua saa nane usiku, ama stoki imeisha siku ya soko na wateja wako mlangoni. Hizo ni dharura. Safari unaijua miezi kumi kabla. Jambo unalolijua miezi kumi kabla haliwezi kuwa dharura.

Lakini kwani kuna haja?

Wapo watakaosema tuna ziwa hapa, tuna samaki wa Dunga, tuna swala wa Impala Sanctuary, sasa Nairobi tunatafuta nini? Tunakubaliana nao nusu. Kwa kweli tunaona familia ianze na safari ya siku moja hapa karibu, kama Kit Mikayi kule Seme, kwenye barabara ya Bondo. Mwambie mtoto maana ya jina lenyewe, "jiwe la mke wa kwanza", halafu umpatie ile hadithi ya mzee aliyeshinda kwenye mawe hayo kila siku hadi mkewe akayaona kama mke mwenza aliyemtangulia. Ni safari ndogo, lakini itakufunza bajeti yako inavuja wapi. Ukipanga elfu mbili na ukarudi umetumia elfu tatu na nusu, afadhali ulijue hilo Seme kuliko kulijua ukiwa Nairobi na tiketi ya kurudi hujakata.

Hata hivyo, haja ipo. Mtoto wa Nyamasaria anachora Bonde la Ufa darasani, anajibu mtihani juu yake, na hajawahi kuliona. Tena wengi wamelipita wakiwa wamelala, kwa sababu wazazi walikata gari la usiku.

Panda gari la asubuhi

Hili ndilo pendekezo letu la bei rahisi kuliko yote. Barabara ya Nairobi inapita hapa hapa Nyamasaria. Ukiondoka asubuhi, watoto wataona mashamba ya mpunga Ahero, halafu majani chai ya Kericho pande zote mbili za barabara, halafu baridi ya Mau Summit, halafu gari linaanza kuteremka kuelekea Nakuru. Hapo ndipo mnaingia bondeni. Mbele yake kuna Ziwa Elementaita, unaliona ukiwa kwenye kiti chako. Mkishapita Naivasha barabara inapanda tena, na ukiangalia chini upande wa bonde unaona kitu ambacho watalii wanalipa nauli ya ndege kuja kukiona. Wewe umeshalipa. Iko ndani ya fea. Weka mtoto dirishani, basi.

Mwenye nguvu zaidi anaweza kukatisha safari Naivasha na kulala hapo usiku mmoja ili aingie Hell's Gate. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984, na ni kati ya chache nchini ambapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu ama kukodi baiskeli, kwa hivyo huhitaji kukodi gari. Punda milia na twiga mnawaona mkiwa kwenye pedeli. Mambo mawili tu. Moja, KWS haichukui pesa taslimu langoni. Unalipa kupitia eCitizen, kwa hivyo angalia ada mpya siku chache kabla, beba kitambulisho, na hakikisha simu ina chaji na bando. Mbili, mawingu yakiwa mazito msiteremke kwenye korongo. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba mle ndani. Muulize askari wa hifadhi, na akisema hapana, ni hapana.

Nairobi yenyewe

Jiji halihitaji kuwa ghali. Chagua vitu viwili kwa siku, si vitano. Sisi tungeanza na Makumbusho ya Reli, hasa kwa mtoto wa Kisumu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ikafika kwetu ziwani mwaka 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Pale kuna lile behewa ambalo simba alimtolea afisa wa polisi, Charles Ryall, huko Kima mwaka 1900. Hakuna mtoto atakayesahau hiyo. Baada ya hapo, nendeni kwenye bustani ya umma iliyo wazi mkatembee, mkae kwenye nyasi na chakula mlichobeba wenyewe.

Hesabu, bila kujidanganya

Wacha tuchukue familia ya watu watano, watoto watatu wote wanakalia viti vyao, wanalala kwa shangazi usiku tatu. Bei hizi ni za mfano, badilisha kulingana na zako:

- Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme 1,300 kwa mtu: 13,000
- Matatu za ndani ya jiji: 3,000
- Chakula njiani na mjini: 5,000
- Viingilio: 4,000
- Shopping ya mwenyeji: 3,000
- Ya dharura: 3,000

Jumla ni shilingi 31,000.

Angalia laini ya tano. Hiyo ndiyo watu husahau. Kulala kwa shangazi si bure. Watu watano wakishuka kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule, unga, gesi na maji vinaisha mara mbili haraka. Peleka samaki waliokaushwa vizuri kutoka huku nyumbani, halafu siku ya kwanza nunua unga, sukari na mafuta kabla hujaulizwa. Heshima ya familia nayo ni sehemu ya bajeti, na ukiikosea hiyo, mwaka ujao hutakuwa na pa kulala.

Sasa hamisha safari hiyo hiyo hadi wiki ya Krismasi. Fea ikipanda hadi 2,200, nauli peke yake inakuwa 22,000. Hiyo ni 9,000 zaidi kwa barabara ileile na viti vilevile.

Kwa nini tunasema Agosti

Ndio maana tunasema nendeni likizo ya Agosti. Fea haijapanda vile. Tena kuna sababu kubwa zaidi: katika shule za bweni za umma, karo ya sekondari imekuwa ikigawanywa 50:30:20. Nusu yote inadaiwa muhula wa kwanza, yaani Januari, na muhula wa tatu unabaki na sehemu ndogo kabisa. Ukisafiri Desemba, deni la safari linakutana na nusu ya karo mlangoni. Ukisafiri Agosti, linalokuja mbele yako ni ile asilimia 20. Bebeni tu masweta, Nairobi ya Agosti si Kisumu.

Kutoka mwanzo wa Oktoba hadi mwisho wa Julai ni siku 304. Gawanya 31,000 kwa hizo siku unapata kama shilingi 102. Weka 105 kila siku, hata siku tatu zikikupita bado unafika. Mama anayeuza omena ama mboga sokoni hapati mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa hivyo kuambiwa "weka 3,100 kila mwezi" hakumsaidii. Mia na tano kila jioni kabla ya kufunga meza, hiyo inawezekana. Siku mbaya weka hamsini, siku ya soko ufidie.

Iweke kwenye akiba iliyofungwa hadi tarehe unayotaka, si kwenye salio la kawaida. Pesa ikikaa kwenye salio, jirani akikopa utampa, na kusema ukweli hata wewe mwenyewe utajikopa.

Linganisha na kukopa. Tuseme umechukua 20,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Hiyo ni 1,600. Ukishindwa ukasukuma hadi miezi mitatu, umelipa 4,800 juu ya deni, ambayo ni zaidi ya viingilio vyote vya watoto wako. Usipolipa kabisa, jina linaweza kwenda CRB, na siku ya dharura ya kweli ikija mlango umefungwa.

Linda hiyo pesa njiani

Msimu wa likizo ndio msimu wa matapeli. Wanaweka mitandaoni picha za nyumba nzuri Nairobi, bei chini, "tuma deposit haraka, kuna mtu mwingine anaitaka". Usitume kwa namba ya mtu usiyemjua. Tafuta ndugu ama rafiki akaione nyumba kwanza. Tiketi ya basi ilipie ofisini ama kwenye namba ya malipo ya kampuni yenyewe, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa la mtu binafsi wakati unalipa kampuni, simama. Ukituma kimakosa, tupigie hapo hapo. Kila dakika inayopita inampa mwenzako nafasi ya kuitoa.

Usitoe pesa zote Nyamasaria uzibebe mfukoni. Toa ya chai ya njiani tu, nyingine ikae kwenye simu. Gawanyeni pia: baba awe na nusu, mama nusu, kila mtu na PIN yake. Simu moja ikipotea, safari haijaisha.

Tunachoomba

Kaeni chini leo jioni, mzazi na watoto, mwandike hizo laini sita na bei zenu wenyewe. Watoto wawepo. Mtoto anayejua mia na tano ya leo ni kiti chake cha dirishani hatalia soda kila mkipita dukani, na wakati mwingine ndiye atakayekukumbusha hujaweka. Jumla ikiwashinda, punguzeni siku, ama mwaka huu iwe Kit Mikayi na Nairobi iwe ule mwingine. Hakuna aibu hapo. Mradi Januari ikifika, viatu vimenunuliwa, karo imelipwa, na mtoto yuko kwenye laini ya asubuhi akiwasimulia wenzake vile bonde linaonekana kutoka juu.