Tusiusingizie Ukoo Maradhi ya Moyo

Mtoto akifa kwa moyo, msibani hakawii kutokea mtu wa kutoa hukumu: "Ukoo ule ndivyo ulivyo." Kauli hiyo utaisikia Itetemia na kwingineko Tabora. Inawapoza wafiwa, lakini inawaponza wadogo wa marehemu.

Damu ina sehemu yake, sikatai. Homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo za watoto wetu, hufuata ukoo kwa kiasi fulani. Lakini uchambuzi wa tafiti za mapacha uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba pacha mmoja wa kufanana akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ulikuwa asilimia 44. Vinasaba ni vilevile, na bado zaidi ya nusu walisalimika. Ukoo ungekuwa hukumu, wangeugua wote.

Chanzo ni bakteria wa kooni, streptokoka. Mtoto anaumwa koo, anasukutua maji ya chumvi, anarudi mchezoni. Wiki mbili tatu baadaye goti linavimba. Likipoa, maumivu yanahamia kiwiko. Nyumbani anachuliwa mafuta. Kumbe kinga ya mwili, iliyozoea kumpiga yule bakteria, imeufananisha moyo naye na inaushambulia. Urithi unaweza kuifanya kinga hiyo iwe kali zaidi, ila aliyeichokoza ni bakteria wa koo lililopuuzwa.

Na koo hilo linatibika. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, huizuia homa hiyo. Hata vali zilizokwisha kuguswa zina nafasi. Nchini Uganda walifuatiliwa watoto na vijana 818 ambao kipimo cha picha kilionyesha vali zao zimeanza kuharibika, wenyewe hawahisi kitu. Matokeo yalichapishwa 2021: kati ya waliochomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, walioharibikiwa zaidi ni asilimia 0.8; kati ya wasiochomwa, asilimia 8.2.

Kwa hiyo ukoo wenye historia ya moyo ndio unaopaswa kuwahi kuliko wote. Mtoto akilalamika koo na homa, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Halmashauri nazo zihakikishe penisilini haikosekani rafuni. Vali ikishaharibika, mzazi wa Tabora atapanda treni kutafuta upasuaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwa maradhi ambayo sindano ya zahanati ingeyazuia.