Kubabua Nguzo kwa Moto Si Kuitibu

Ndugu mkulima, leo napinga desturi moja waziwazi: kubabua miguu ya nguzo za mlingoti au mbao za paini kwa moto, kisha kumwambia mnunuzi kwamba "imeshatibiwa, mchwa hawagusi." Hapo umeuziwa rangi, si dawa.

Ni kweli joto hubadilisha mbao. Viwanda vya Finland huweka paini kwenye tanuri la mvuke lenye oksijeni kidogo sana, kwa nyuzi joto 190 hadi 212 za Sentigredi, kwa saa nyingi. Hemiselulosi, sehemu ya mbao inayopenda sana maji, huvunjika. Mbao huwa kahawia mpaka katikati, hupunguza kunyonya unyevu na kuvimba, na huchelewa kuoza.

Moto wa mabua haufanyi hivyo. Unaunguza milimita chache za juu, ndani mbao ni ileile. Nguzo ikikauka inapasuka, na mkaa unapasuka nayo. Maji na mchwa hupita kwenye nyufa hizo. Ukizidisha moto, umeipunguza unene palepale inapohitaji nguvu.

Tena hata mbao ya tanuri ina mipaka. Nguvu yake hupungua na huvunjika kirahisi, hivyo haifai kwa kenchi wala boriti. Haifai kuchimbiwa ardhini, na haizuii mchwa. Ikiachwa juani bila kupakwa kitu, ukahawia wake hugeuka kijivu. Ikiwa tanuri la kiwanda halizuii mchwa, moto wa mabua utawazuiaje?

Wapo watakaosema, "Mbona wazee walichoma na nguzo zikadumu?" Mara nyingi walichimbia miti migumu. Kilichodumu ni kiini cha mti, si mkaa.

Kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Kwangua kwa kisu au kata ncha. Ukikuta weupe chini ya weusi, mbao imebabuliwa tu.

2. Kwa uzio, nunua nguzo zilizokaushwa na kusukumiziwa dawa kwa mgandamizo kiwandani, au tumia kiini cha mvule au msaji uliokomaa.

3. Mabaki ya nguzo zenye dawa usipikie. Moshi na majivu yake ni sumu.

Nawe muuzaji, sema ukweli. Mkulima akirudia uzio kila baada ya misimu michache, hasara ni yake, si yako.