Vyuo vipange swichi kabla ya kununua kasi zaidi ya intaneti

TANGU taasisi za elimu zilipofungwa nchini Machi 2020 kutokana na Covid-19, kupeperusha mihadhara na sherehe za mahafali moja kwa moja mtandaoni kumekuwa jambo la kawaida.

Malalamiko nayo hayajaisha. Picha hukwama, sauti hukatika, na mara nyingi jawabu linalotolewa ni kwamba fedha zaidi zitengwe kununua kasi kubwa ya intaneti.

Jawabu hilo ni jepesi lakini si sahihi kila wakati. Ndani ya chuo, huenda tatizo si wembamba wa njia bali ni wingi wa nakala zinazopitishwa humo.

Tuchukue video inayohitaji megabiti 4 kwa sekunde. Ikitazamwa kwenye kompyuta 500, seva hutuma nakala 500 za picha ile ile. Jumla ni megabiti 2,000, mara mbili ya uwezo wa waya wa gigabiti moja. Picha haina budi kukwama.

Dawa ya ubadhirifu huu si ngeni. Mwaka wa 1989, mtaalamu Steve Deering alichapisha kanuni za maltikasti. Katika utaratibu huo, seva hutuma nakala moja tu, na vifaa vya mtandao huirudufisha pale tu njia zinapogawanyika. Waya uliolemewa na megabiti 2,000 sasa hubeba 4.

Ni sawa na mwalimu anayesema mara moja darasani wakasikia wote, badala ya kumnong'oneza kila mwanafunzi.

Vifaa vingi vilivyomo vyuoni vina uwezo huo, ila sharti vipangwe. Kompyuta inayotaka kutazama hutuma ujumbe wa IGMP kuomba kujiunga na kundi. Swichi isiyowekwa kusikiliza ujumbe huo humwaga picha katika kila tundu, hata kwa mhasibu asiyeihitaji.

Mtego wa pili umewahangaisha mafundi wengi. Lazima pawepo ruta au swichi inayouliza, kwa kawaida kila baada ya sekunde 125, ni nani bado anatazama. Asipokuwepo mwulizaji, swichi hudhani watazamaji wameondoka, na baada ya takriban sekunde 260 hufunga njia.

Mtazamaji huona picha safi kwa dakika nne hivi, kisha giza. Asiyejua kiini cha hitilafu huilaumu kampuni ya intaneti, na chuo hukimbilia kununua kasi ambayo haitaponya chochote.

Aidha, mhadhara unapovuka kutoka jengo moja hadi jingine kupitia ruta, ruta hizo nazo sharti ziwashiwe itifaki ya PIM. La sivyo, picha huishia mlangoni.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba maltikasti ni dawa ya kila ugonjwa. Kampuni za mawasiliano kwa kawaida haziipitishi katika intaneti ya umma. Mwanafunzi aliye Lodwar na simu yake bado atahitaji nakala yake mwenyewe, sawa na yule anayetazama mhadhara baadaye kwa wakati wake.

Kwenye Wi-Fi pia hutatiza, kwa kuwa data ya kundi hutumwa kwa kasi ya chini na bila kuthibitishwa kwamba imepokelewa.

Lakini kwa kumbi, maktaba na maabara zilizounganishwa kwa nyaya, faida yake ni bayana.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini kandarasi nyingine, wakuu wa vyuo wawaulize mafundi wao maswali matatu. Je, swichi zetu zinasikiliza IGMP? Mwulizaji ni kifaa kipi? Na je, ruta zetu zimewashiwa PIM?

Majibu ya maswali hayo yanahitaji fundi aliyefunzwa na siku chache za kazi. Kasi ya ziada, kwa upande mwingine, hulipiwa mwezi baada ya mwezi, kwa karo ya mzazi na kodi ya mwananchi.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kasi ya intaneti nayo ni mali, na inastahili daftari lake.