Utetezi wa Hila za William Castle

Wapo wahakiki wa sinema ambao hawamtaji William Castle, mwongozaji wa filamu za kutisha wa Marekani, ila kwa kebehi. Husema alikuwa mchuuzi, si msanii. Uchuuzi wake sikatai. Filamu yake Macabre ya mwaka 1958 aliinadi kwa hati ya bima ya dola 1,000, ilipwe endapo mtazamaji atakufa kwa hofu; hiyo ilikuwa biashara tupu, wala haikuiongezea hadithi chochote.

Lakini na waitazame The Tingler ya mwaka 1959 kabla ya kuhukumu. Humo mna mdudu akuaye kwenye uti wa mgongo wa mtu aliyeshikwa na hofu, na hapana kimshindacho ila ukelele. Mdudu huyo anapotoroka ndani ya jumba la sinema, pazia lote huingia giza, na sauti ya Vincent Price huwaamuru watazamaji wapige kelele waokoe maisha yao. Papo hapo mota ndogo zilizofungwa chini ya baadhi ya viti zilitetemeshwa. Je, huo ni ulaghai? Amelaghaiwa nani, ikiwa hila yenyewe ilitangazwa waziwazi? Ukelele wa ukumbini ulikuwa sehemu ya hadithi, kama "Pakawa" ilivyo sehemu ya ngano zetu: msimulizi akitamka "Paukwa" asiitikiwe, hana hadithi.

Miaka ile televisheni ilikuwa ikiwafungia Wamarekani majumbani mwao. Castle aliwatoa, wakaketi pamoja na kupiga kelele pamoja. Wahakiki hao, wausifuo ukimya wa ukumbini kana kwamba ni ibada, watuonyeshe filamu yao moja iliyoitikiwa hivyo.