Huhitaji Lenzi Pana Zaidi, Unahitaji Filamu Zaidi

Swali linaloingia sana kwa DM zangu siku hizi ni hili: "Nimepata kamera ya midiamu fomati, sasa ninunue lenzi gani pana?" Na kabla hata nijibu, mtu ashatuma picha ya lenzi pana kuliko zote, ile ya bei ya kodi ya nyumba miezi kadhaa.

Msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtanikasirikia: kama doo ni kidogo, nunua lenzi iliyo hatua moja tu upande wa upana kutoka ile ya kawaida. Sio hatua mbili, sio tatu. Chenji inayobaki ni ya filamu.

Twende kwa namba kwanza, juu hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Kwa kamera za kawaida za filamu ya 35mm, lenzi ya 50mm si pana. Kwa midiamu fomati negativu ni kubwa, kwa hivyo 50mm hiyo hiyo inakuwa pana. Kwa Mamiya 645, lenzi ya kawaida ni 80mm. Ukishuka hadi 55mm f/2.8 unaona karibu sawa na 35mm ya kamera ndogo. Ukishuka tena hadi 45mm f/2.8 unafika kama 28mm. Kwa RB67, ya kawaida ni 90mm, na 65mm f/4.5 inakupa karibu 32mm. Kwa 6x6 kama Pentacon Six au Kiev 60, kuna Flektogon 50mm f/4 ya Carl Zeiss Jena na Mir-26 ya 45mm f/3.5, na zote unaweza kuzipata za kuingia kwa hizo kamera mbili. Lakini chunga Kiev 88 ya zamani, hiyo inashikia lenzi kwa njia tofauti kabisa. Usinunue kwa sababu tu muuzaji ameandika "Kiev".

Kwa nini hizi ndizo za bei nafuu? Hizi zilikuwa kamera za kazi. Watu wa studio na harusi walizinunua kwa wingi kabla dijitali ije, na 55 au 65 ndiyo lenzi pana mtu wa kazi alianza nayo. Zilibaki nyingi. Mamiya 645 ina faida nyingine: shata yake iko ndani ya kamera, sio ndani ya lenzi. Kwa RB67, kila lenzi inabeba shata yake. Kwa hivyo unaponunua lenzi ya RB67 unanunua vitu viwili vizee kwa mpigo, na vyote vinaweza kuharibika.

Sasa tuongee ukweli kuhusu upana wenyewe. Watu wanadhani lenzi pana inakusaidia kutoshea vitu vingi. Hiyo ni nusu ya hadithi. Lenzi pana inasukuma kila kitu nyuma. Ukisimama ng'ambo ya barabara Gikomba na 35mm ya Mamiya 645, yule mama wa mitumba anakuwa kadoti katikati ya lami na anga. Kumpata vizuri lazima umkaribie sana, na ukimkaribia hivyo, pua inakuwa kubwa na mikono inavutika. Huyo ni mtu, si katuni. Na 55 unasimama umbali wa kuongea naye, unamsalimia, anajua unampiga picha, na biashara yake bado inaonekana nyuma yake. Kwangu hiyo ni hoja ya heshima kabla iwe ya macho.

Mtaniuliza, na majengo je? Simama chini ya KICC, uinue kamera, na ule mnara wa ghorofa 28 utaanza kulala nyuma. Kuongeza upana peke yake hakuutibu. Dawa ni kurudi nyuma, kushika kamera ikiwa imenyooka, kuacha lami ijae chini, halafu kuikata baadaye. Hata 6x4.5, ambayo ndiyo ndogo kwa hii familia, ina eneo zaidi ya mara 2.5 ya negativu ya 35mm. Inavumilia kukatwa.

Kuna mahali mmoja nakubali nimeshindwa hoja: ndani ya bedsitter. Kama mradi wako ni kupiga watu kwa nyumba zao, na ukuta uko mgongoni mwako, 55 itakubana. Hapo chukua 45 bila kuomba msamaha. Lakini ni kwa sababu ya kazi, sio kwa sababu mtu fulani kwa YouTube ana moja.

Ukiagiza kutoka nje, piga hesabu yote: bei, usafirishaji, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16. Ukiipata hapa mjini, iangalie mkononi. Mulika tochi ya simu kupitia nyuma ya kioo utafute kuvu, zile nyuzi kama utando wa buibui. Angalia kama vipande vya tundu la mwanga vina mafuta. Kama shata iko ndani ya lenzi, omba ijaribiwe kwa sekunde moja, juu shata nzee hukwama kwa kasi za pole kwanza. Mikwaruzo midogo kwa kioo cha mbele isikutishe, tumia kuomba bei ishuke.

Na kumbuka filamu moja ya 120 inakupa picha 15 kwa Mamiya 645, 12 kwa 6x6, na 10 tu kwa RB67. Kila ukibonyeza ni pesa, na bado hujalipa kusafisha. Sisi wengine hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Ukimaliza pesa yote kwa lenzi, kamera itakaa kwa meza ikipigwa picha na simu. Na huu mji unabadilika kila siku, mabanda yanabomolewa, maghorofa yanaota. Hautakungoja upate pesa ya filamu.

Vivian Maier, mlezi wa watoto kule Chicago, alipiga mtaani miaka mingi kwa Rolleiflex, kamera ambayo lenzi yake haitoki. Negativu zake zilikuja kuuzwa kwa mnada mwaka 2007 na dunia ikashangaa. Hakuwa na lenzi ya kubadilisha kwa hiyo kamera. Alikuwa na filamu nyingi sana.

Kwa hivyo chukua 55 na filamu 5. Hizo ni picha 75. Ukizimaliza zote na kwa nyingi bado unasema "ningerudi nyuma kidogo lakini kulikuwa na ukuta", basi kanunue 45 na usiniulize. Ukisema "ningemkaribia kidogo", pesa yako imeokoka.