Wakikuuliza «Uko mtu wa wapi?», jibu bila woga

Vijana wenzetu wa Kolwezi, wa Fungurume na wa Lualaba yote,

Congo ndiyo nchi inayotoa kobalti mingi kupita zote duniani, na sehemu kubwa inatoka hapa kwetu. Lakini kijana wa hapa hapa, diploma mkononi, akifika mbele ya mwenye kuandika watu kazi, anatetemeka kama mwizi. Ni juu tunaingia mule ndani tukifikiri tunaomba msaada. Kazi haiko sadaka.

Maulizo ya ufundi siyo yanayotuangusha. Ni haya mengine, na wote tunayajua.

«Uko mtu wa wapi? Baba yako kabila gani?» Katika muji huu, ulizo hilo haliko la kuchekesha. Wazazi wetu wanakumbuka 1992 na 1993, wakati ndugu wa Kasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi, wakalala kwenye gare wakingoja treni. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu aonewe katika kazi juu ya asili yake, jinsia, mawazo, imani ao hali yake ya maisha. Jibu kwa adabu: «Niko Mukongomani. Nilisoma hiki, ninajua kufanya hiki.» Kisha nyamaza. Na sisi wenyewe tuache kusema «hii kazi ni ya bana ba kwetu». Kudai kijiji kilicho karibu na mgodi kifaidike ni haki, ndiyo kazi ya cahier des charges katika Code minier ya 2018. Lakini hiyo inaangalia mahali watu wanaishi, siyo kabila.

«Nani alikutuma?» Usitafute jina la mukubwa. «Nilisoma tangazo, nikaleta karatasi zangu.» Akikuomba makuta kwanza, ao mushahara wa mwezi wa kwanza, hiyo ni rushwa. Andika tarehe, mahali na maneno, kisha ambia wenzako.

«Uko na bwana? Utazaa lini?» Dada zetu, jibu ni moja: «Nilikuja kusema juu ya kazi.» Akianza mambo ya kukutana jioni, simama, toka.

«Uko na miaka ngapi ya kazi?» Usidanganye. Taja staji yako, karakana ya mjomba, hesabu za duka la mama. Sema ulifanya nini kwa mikono yako, muda gani, na nini ilitoka.

«Utakubali kazi ya siku kwa siku?» Hapa na wewe uliza. Mwaka 2021, mashirika RAID na CAJJ yalionyesha kwamba katika migodi mitano waliyochunguza, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliandikwa na kampuni za katikati, siyo na mgodi wenyewe. Kumbe Code du travail ya 2002 inasema: ukiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, wakikuandika tena mbele miezi hiyo iishe, kontra yako inahesabiwa kuwa isiyo na mwisho. Majaribio hayapiti miezi sita, na kwa kazi isiyo na ufundi, mwezi mmoja. Basi uliza: «Kontra iko ya maandishi? Ya muda gani? Mwajiri wangu ni nani kabisa?»

Tunajua, anayejibu hivi anaweza kukosa nafasi, na nyumbani kuna watu wanangoja unga. Ndiyo maana jibu la mtu mmoja halitoshi. Wakijibu kumi namna moja, ulizo la kabila litaanza kumpatia haya mwenye kuuliza.

Tunaomba kampuni zote zibandike matangazo ya kazi mahali pa watu wote, na ziondoe kabila kwenye maulizo. Tunaomba ONEM na Inspection du travail wafanye kazi yao bila kungoja kelele.

Na ninyi, Kapata, Kasulo, Manika, Dilala: mukutane hata watano chini ya muti. Mmoja aulize, mwingine ajibu, mpaka sauti iache kutetemeka.

Kazi ni haki. Tuidai tukiwa tumesimama.